Punda Aliyeacha Mateke

"Tangu lini punda huyu amekuwa mpole?" Daktari wa mifugo aliuliza.

Tulikuwa nje ya duka la dawa za mifugo, katika mji mdogo wa Maji ya Chai. Mama mmoja alikuwa amekuja kununua dawa ya minyoo, maana punda anayembebea maji, aliyekuja naye, alikuwa amesusa majani.

"Hata mateke hapigi siku hizi," alisema, kwa fahari kidogo.

"Ameokoka!" wakacheka waliokaa kwenye benchi.

Daktari akambonyeza tumbo. Punda akakaza misuli, akaguna tu. Daktari akamchoma sindano chini ya tumbo, akavuta majimaji, akayainua kwenye mwanga.

"Yalipaswa kuwa maangavu, mama. Haya yametibuka kama togwa. Tumbo lina maambukizi, siyo minyoo."

"Atapona?"

"Nampa dawa ya kuua bakteria na ya maumivu, nitarudia kila siku. Ila mzigo, hapana."



Sisi bwana! Tunasema asante ya punda ni mateke, halafu maumivu yakimzuia kupiga tunamsifu upole. Hata chuoni kwetu, msichana akinyamaza kwenye mdahalo huambiwa sasa amepata adabu.

Naomba jambo moja: punda wako akiwa mpole ghafla, mwite daktari kabla ya kumfunga madumu.