Shemeji Yangu na Magari ya Mashindano

Shemeji yangu Hatibu, fundi cherehani wa Ngamiani pale Tanga, hakuwa na gari. Hata baiskeli aliyokuwa akipanda ni yangu. Lakini umsikie akizungumza habari za mashindano ya magari, utadhani kazaliwa chini ya boneti.

Mwanafunzi wake nilikuwa mimi, kwa sababu dada yangu Saleha, mkewe, alikwishayakataa masomo hayo. Hatibu akaniambia nichague gari moja tu, niikariri namba yake ya mlangoni, na nisilitupe hata likipinduka. Nisikae upande unakokwenda upepo, nitakula vumbi. Tena nisithubutu kusema linalopita mbele ndilo linaloongoza, kwani magari huondoshwa moja moja, kila moja na saa yake.

"Sasa nitamjuaje anayeshinda?" nikamwuliza.

"Utasoma gazetini, Uweso."

"Basi si nilingoje gazeti nyumbani?"

Akanitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu asiyejua kutia uzi sindanoni.

Mwaka ule, mnamo hamsini na kitu, magari yakatangazwa kupita Pongwe yakielekea Tanga, kisha Horohoro mpaka Mombasa. Na siku yenyewe, wallahi, ilikuwa siku ya nikahi ya binti yake, Mastura. Bwana harusi, Haji, na watu wake walikuwa waje kutoka Muheza, nikahi isomwe baada ya alasiri. Hatibu ndiye walii wa kumwozesha, hapana mwingine. Asubuhi akachukua baiskeli yangu, akasema anakwenda mara moja tu, adhuhuri yuko nyumbani.

Adhuhuri ikapita. Dada yangu akanitoa mbio: "Kaniletee yule mtu, hata kwa kumburura!" Nikaazima baiskeli kwa jirani, nikaenda nikitukana njia nzima.

Nilimkuta Pongwe kasimama kando ya barabara, kanzu yake ya harusi imekuwa rangi ya udongo. "Magari yamechelewa," akasema, kana kwamba anayedaiwa maelezo ni magari. Kabla sijamshika mkono, askari wakafunga barabara. Hapiti mtu, hapiti baiskeli, mpaka gari la mwisho. Nyuma ya kizuizi, upande wa Muheza, lori limesimama limejaa watu wenye kanzu nyeupe. Loo! Ni wao. Bwana harusi, baba yake Mzee Sadalla, na Shekhe mwenye kuozesha.

Mzee Sadalla akashuka amevimba. "Shikamoo, mzee," nikasema. Akamgeukia Hatibu. "Baba wa bibi harusi anatazama magari siku ya nikahi? Alasiri ikipita tuko hapa, lori linageuka. Tumedharauliwa vya kutosha."

Akilini nilimwona Mastura nyumbani, hina mikononi, akiambiwa lori limerudi. Nilitaka kumpiga Hatibu makofi.

Shekhe ndiye aliyetuokoa. "Binti ameshakupa idhini?" akamwuliza.

"Amenipa, jana, mbele ya mashahidi."

"Basi wa nini ubishi? Walii yupo, mume yupo, mashahidi tele. Tandikeni mkeka."

Tukaswali alasiri pale pale, kisha tukawakalisha Hatibu na Haji uso kwa uso, mikono imeshikana. Hatibu akaipa barabara mgongo. Shekhe akasoma hotuba. Ndipo tukasikia ngurumo kutoka upande wa Muheza.

Hatibu aliijua sauti ile. Ni lile lake, namba kumi na tisa, alilolishika tangu mwaka uliopita. Niliona shingo imemkakamaa. Nikasema moyoni, ole wako ugeuke! Hakugeuka. Akamkazia macho mkwewe, akatamka maneno yote bila kukwama: "Haji bin Sadalla, nimekuoza binti yangu Mastura kwa mahari tuliyopatana."

Nilimpenda shemeji yangu saa ile, kweli nilimpenda.

Sasa zamu ya Haji kukubali. Kijana kinywa wazi, macho yake yanalifuata gari juu ya bega la Hatibu, shingo inazunguka nalo taratibu mpaka vumbi likatufunika sote.

"Haji!" Mzee Sadalla akapiga kelele.

"Ndiyo kumi na tisa ile!" Haji akasema, uso unameremeta. "Mie nilishalichagua tangu mwaka jana!"

Astaghfirullahi. Shekhe akamrudisha Hatibu mwanzo, akatamka upya, safari hii akimfinya kijana vidole. Haji akakubali, tukaitikia amina, tukalishana vumbi na halua.

Barabara ilipofunguliwa tukarudi mjini, mimi na Hatibu tukikokota baiskeli. Hakuulizia gari. Njiani akasimama, machozi yakimlengalenga.

"Uweso, umemwona yule? Mwanangu ataishije na mtu wa namna ile?"

"Sijui, shemeji," nikamwambia. "Tukifika, muulize mama yake."