Vipimo vya Marehemu

Shemeji yangu ni mwokaji mikate. Mtaani wanamwita Tani, na hakuna anayekumbuka nani alianza. Jina lilimkaa. Akiingia kwenye chumba changu cha kushonea ilibidi nisogeze cherehani apate kupita. Mimi ni fundi nguo, nimemwoa dada yake, na suruali zake zote nimeshona mimi, kwa sababu madukani suruali ya mtu kama yeye haikuwepo. Mimi si mtu wa maneno mengi. Mteja akija, naiachia futi yangu ya kupimia iongee.

Tani ameoka mikate miaka ishirini na miwili kwenye chumba kimoja chenye tanuri la matofali na meza ya mbao iliyobonyea katikati kwa kukandiwa unga. Kila sinia likitoka, alivunja mkate mmoja akala ungali moto. Mwenyewe aliita kuonja. Siku moja nilikaa naye tangu asubuhi, na kufika saa sita alikuwa ameonja mikate kumi na mmoja. Vidole vyake vilikuwa vinene hata pete ya ndoa aliivaa shingoni, kwenye uzi.

Alikuwa na kaka, mkubwa wake kwa miaka minne. Huyo tulimwita Fito, maana alikuwa mrefu na mwembamba kama fito za kujengea. Alichora mabango ya maduka. Hakuvuta sigara, hakunywa pombe, na kutwa nzima alikuwa juu ya ngazi na kopo la rangi. Asubuhi moja, mnamo saa nne, alikuja kwa mdogo wake kuchukua mkate, akakaa kwenye kigoda karibu na tanuri. Tani alikuwa anamsimulia habari za unga uliokuja na wadudu. Akasimulia mpaka mwisho, akacheka peke yake, akageuka. Fito alikuwa ameegemea ukuta, macho wazi kidogo. Alikuwa na miaka arobaini na sita.

Wakasema moyo. Watu msibani walishangaa: mwembamba vile, moyo umepatwa na nini? Kisha wakawa wanamtazama Tani, tumbo lake, shingo yake, halafu wanatazama chini. Tani aliwaona. Aliniambia baadaye, "Shemeji, wale walikuwa wananipima jeneza."

Mwaka jana alikwenda zahanati kwa sababu ya kiu isiyoisha, wakamwambia sukari inapanda na ana kilo mia moja na nne. Basi akamsikiliza mtu mmoja kwenye simu, akaacha wanga wote. Mkate, wali, viazi, sukari, vyote akavipiga marufuku. Akawa anaoka kutwa nzima na yeye mwenyewe anakula mayai yaliyoelea kwenye siagi, nyama yenye mafuta yake, na malai ya maziwa. Hata kahawa alitia kijiko cha siagi, ikawa na ngozi ya manjano juu.

Wateja walimchokoza. "Mkate wako mwenyewe huuli, sisi unatuuzia tufe?"

"Kuleni tu," aliwajibu. "Nikibaki peke yangu nitawakumbuka."

Muuguzi alimwambia arudi baada ya miezi mitatu apimwe mafuta kwenye damu. Hakurudi. Badala yake alikuja kwangu. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi alisimama mbele ya kioo changu, akanyanyua mikono, akasema, "Pima, daktari." Mimi nikazungusha futi kiunoni, nikataja namba, naye akapiga makofi. Alisema suruali haidanganyi. Na kweli alipungua. Mwezi wa tano pete ilirudi kidoleni. Mwezi wa nane alipanda ngazi za sokoni bila kusimama, na sukari aliyopima duka la dawa ilikuwa imeshuka. Nilifurahi pamoja naye. Kwa nini nisifurahi?

Jambo la kwanza lilimtokea mke wangu. Ilikuwa mchana, anaosha vyombo, mimi napiga pasi. Tukasikia hatua zinapanda barazani, nyepesi, moja ndefu na moja fupi, kisha kidole kikagonga mlango mara mbili, kama alivyokuwa akija Fito. Mke wangu akaachia sahani ikavunjika. Nilipofungua alikuwa Tani, na mfuko wa mayai mkononi.

"Kaka, ni wewe?" mke wangu aliuliza. Uso ulikuwa umempauka kama majivu.

"Ulimtegemea nani?"

Aliinama kuokota vipande. Zamani Tani akija, tulijua kabla hajafika, mbao za baraza zililia.

Jambo la pili nililiona mwenyewe. Nilikuwa pale tanurini napeleka aproni, akaingia mama mmoja aliyehama mtaa miaka mingi iliyopita. Akasimama mlangoni, akamtazama Tani aliyekuwa amegeukia tanuri, akasema kwa furaha, "Fito! Kumbe siku hizi unamsaidia mdogo wako!"

Tani hakugeuka. Koleo la mikate lilibaki ndani ya tanuri hadi mpini ukaanza kutoa moshi. Mimi ndiye niliyemwambia yule mama, kwa sauti ndogo, kwamba Fito alishafariki. Alinishukuru, lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayetaniwa vibaya.

Mwezi wa kumi na moja Tani alitaka suti. Binti yake angeolewa mwezi unaofuata, na yeye mwenyewe mwezi huohuo angetimiza arobaini na sita. Alisimama mbele ya kioo. Nilianza juu kama kawaida yangu: shingo, mabega, kifua, mkono. Bega la kushoto lilikuwa chini nusu inchi kuliko la kulia. Miaka yote hiyo nimempima na sikuwahi kuliona, lilikuwa limefukiwa na nyama. Nikafika kiunoni. Nikaandika thelathini na mbili kwenye daftari. Halafu nikatazama mkono wangu mwingine, ulikuwa mtupu, na futi ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu. Sikuwa nimempima kiuno.

Nikaizungusha. Thelathini na mbili.

Nilipokuwa karibu na uso wake nikaona, kwenye kope, upande wa pua, vidoa viwili vya manjano kama siagi iliyoganda. Nikadhani amejipaka jikoni. Nikalowesha kidole, nikamfuta. Havikutoka. Vilikuwa ndani ya ngozi.

"Hivyo acha," alisema. "Vipo siku nyingi."

Nikapiga magoti kupima mguu. Mshipa mnene wa nyuma ya kifundo, ule unaoshuka kisiginoni, ulikuwa umevimba kama kamba yenye mafundo. Nikashika pindo la suruali yake ya zamani, nikasikia sauti juu yangu ikisema, taratibu, "Fundi, pindo liwe refu kidogo. Haya manundu sitaki yaonekane."

Tani huniita shemeji. Miaka kumi na tisa ameniita shemeji. Aliyekuwa ananiita fundi alikuwa Fito.

Sikuinua uso upesi. Niliogopa nitakayemwona. Nilipoinua alikuwa Tani, anajitazama kiooni, anatabasamu.

Alipoondoka nilifunga mlango, nikavuta sanduku la madaftari chini ya meza ya kukatia. Huwa situpi daftari, vipimo vya mtu ni kumbukumbu. Nikalipata lile la suti ya mwisho ya Fito. Nikaweka la leo kando yake. Shingo sawa. Mabega sawa, na la kushoto chini nusu inchi. Kifua, mkono, kiuno, nyonga, paja, urefu. Namba nane, zote zilezile. Nimeshona miaka ishirini na sita, na mapacha nimewapima, sijawahi kuona namba nane zikikubaliana. Na chini ya namba za Fito, kwa mwandiko wangu: pindo refu, kuficha visigino.

Nilikaa na yale madaftari mpaka mke wangu akaja kuniita chakula mara mbili. Nilijua sasa ninachokiogopa. Kile kilichomchukua Fito kilikuwa kwenye mwili wa Tani pia, na unene wote ule ulikuwa umekifunika tu. Tulimhofia mtu mnene, na aliyekufa alikuwa mwembamba.

Kesho yake saa nne nilikwenda tanurini. Tani alikuwa kwenye kigoda kile, ameegemea ukuta, kahawa ya siagi mkononi. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yakanipotea yote. Nikaweka madaftari mawili juu ya meza ya unga.

Akasoma, akacheka. "Umenipima lini mara mbili?"

"Hilo la kushoto ni la Fito."

Akaacha kucheka. Akapitisha kidole namba kwa namba, unga ukabaki kwenye karatasi.

"Kwa hiyo unaniambia nini? Kwamba mimi si mimi?"

"Nakuambia ukapime damu. Mafuta."

"Shemeji, nimepungua kilo thelathini na nne. Sukari imeshuka. Napanda ngazi."

"Fito naye alipanda ngazi. Kila siku. Ilikuwa kazi yake."

Nyuma yetu mikate ilianza kuungua, na ni mara ya kwanza nimeona Tani anasikia harufu hiyo na hasimami.

Alikubali kwenda kesho yake alfajiri. Nilipompitia alikuwa ameshajimiminia kahawa yake.

"Kabla ya kipimo hutakiwi kula kitu," nikamwambia.

"Hii si kula. Haina wanga."

Nikachukua kikombe nikamwaga nje. Alinitazama kwa mshangao, na mimi pia nilijishangaa.

Majibu yalitoka baada ya siku mbili. Daktari alikuwa mwanamke mwenye miwani, mpole, na hakuanza na karatasi. Alimtazama Tani kope. Akamwambia avue viatu, akaminya yale mafundo ya visigino kwa vidole viwili.

"Baba, kwenu kuna aliyekufa ghafla?"

"Kaka yangu. Moyo."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Arobaini na sita."

"Na wewe?"

"Natimiza mwezi ujao."

Daktari aliweka kalamu mezani. 

"Nitakuambia yote, mazuri na mabaya," alisema. "Kuacha wanga kumekusaidia. Sukari imetulia, yale mafuta mengine ya kwenye damu yameshuka, na kolesteroli nzuri imepanda. Wengi wanaokula kama wewe hupata hivyo. Lakini kolesteroli mbaya haiendi sawa kwa kila mtu. Kwa wengine haitikisiki, kwa wengine inapanda, hasa wakila siagi na mafuta ya nyama kwa wingi. Yako ni karibu mara tatu ya inayotakiwa. Na haya mafundo ni kolesteroli iliyoganda, hayajengeki kwa miezi kumi na moja, ni ya miaka mingi. Nadhani umezaliwa na tatizo hili, mwili wako haujui kuiondoa kolesteroli. Siagi imeongeza juu ya kilichokuwepo."

"Kwa hiyo nirudi kwenye mkate?"

"Sijasema urudi ulikotoka. Siagi na mafuta ya nyama uache. Kula samaki, karanga, mboga, mafuta ya mimea, na maharagwe kwa kiasi. Dawa hii utameza kila siku, labda maisha yako yote. Jumatatu upimwe moyo."

"Harusi ya binti yangu je?"

"Ndiyo maana nakuharakisha."

Tani aliomba maji hapohapo, akameza kidonge cha kwanza mbele yetu. Koo lake jembamba lilipanda na kushuka. Kisha daktari akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Tatizo hili hurithiwa. Wa tumbo moja mmebaki wangapi?"

"Mimi na dada yangu." Tani akageuka, akanitazama. "Ni mke wa huyu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sikumbuki njia. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, miguu ameinyoosha kwenye jua, anachambua mboga. Sikuitazama miguu yake. Nilipitisha macho juu ya ukuta mpaka nikaingia ndani, nikazungumza nikiwa nyuma yake.

"Kesho asubuhi usile kitu. Wala usinywe chai. Tunakwenda kupima damu."

"Nani, mimi? Mimi mzima, sina hata mafua. Kaka anasemaje?"

"Amepewa dawa. Daktari anakutaka na wewe."

"Nitakwenda wiki ijayo. Kesho nina kazi."

"Utakwenda kesho."

Alicheka. "Haya, tangu lini unanipa amri?"

"Tangu leo."

Akageuza shingo anijibu, maana hajawahi kukosa jibu. Akaniona uso, na kicheko kikakatika katikati. Alinyanyuka, akapita kando yangu. Kikombe chake cha chai ya kesho asubuhi alikuwa ameshakiweka mezani, kimefunikwa kwa kisahani. Akakichukua, akakirudisha kabatini, akafunga mlango wa kabati, na mkono wake ukabaki juu ya kitasa kwa muda mrefu.