Siku Niliamusha Mbuyi

Mutacheka, na mucheke tu, hata miye ningecheka kama ile haya ingekuwa ya mutu mwingine. Lakini kwanza mama yangu. Alituzaa mapasa, Mbuyi wa kwanza, na miye Kabanga nyuma yake, na kwetu watu wa Kasai mapasa hawatenganishwi: ukimusalimia mumoja bila mwenzake, yule uliyemuacha anaugua. Mbuyi alikufa na homa tungali wadogo, na mama akaendelea kupakua bukari, ule ugali wetu, kwenye sahani mbili (ile ya pili niliikula miye, lakini baada ya kumuomba Mbuyi ruhusa).

Basi nikazeeka, bibi yangu wa ndoa akafa, watoto wakaenda mbali, nikabaki planton kwenye biro (ofisi) moja ya mine, ya machimbo, pale Likasi, kufungua mulango, kupanguza meza, kupeleka chai, mpaka karani wetu, citoyen Ilunga, akaniomba niwashe ordinatere, ile kompyuta yake, kila asubui mbele hajafika.

«Papa Kabanga, humu ndani muko système mbili, ya zamani na ya mupya. Moya ikitumika, ingine inalala. Itakuuliza: moya ao mbili? Weye finya mbili, ndiyo ya mupya, kazi yangu iko humo. Kila siku mbili.»

«Ni mapasa, basi.»

«Voilà, papa, ni mapasa!»

Yeye alitania. Miye nilianza kuwasalimia, «Mbuyi, Kabanga, mulilala muzuri?» (nyumbani sikuwa na wa kumusalimia), nikawawekea vipande viwili vya mukate nyuma ya mashini, kisha nafinya mbili, na roho inaniuma juu ya Mbuyi, yule wa zamani, anayelala tu.

Siku moja wakubwa wakatoka Lubumbashi kuja kuona ile kazi mupya ya citoyen Ilunga. Nikafikiri, leo kuna wageni, na Mbuyi afichwe chumbani kama mutoto wa aibu? Nikafinya moya.

Karani akaita wakubwa mbele ya kioo cha mashini, akatafuta kazi yake, hakuna, akatafuta tena, jasho linamushuka mpaka kwenye kola. «Jana ilikuwa hapa!»

Na miye, vikombe mukononi, roho safi kabisa: «Citoyen, leo niliamusha Mbuyi. Alilala sana.»

«Mbuyi nani?» Mukubwa mumoja akachungulia nyuma ya mashini, akatoa mukate umejaa sisimizi. «Aa! Kumbe na anakula!»

Walicheka mpaka mwingine akashika ukuta. Nilicheka nao, kidogo.

Karani akazima, akawasha, akafinya mbili, kazi yake yote ikatokea, na ingeishia pale, lakini yule mukubwa akapanguza machozi ya kicheko akasema: «Hii ya zamani ni ya nini tena? Uifute leo. Ibaki ile ya mupya tu.»

Ilunga akaniangalia. «Papa, ni mashini tu.»

Najua. Na nimeapa, chombo cha kazi sitakipatia tena jina la mutu. Lakini ile asubui niliweka vikombe mezani, nikavaa kofia, ufunguo nikauacha kwenye mulango, nikasema «mubaki muzuri» kwa mapasa wote wawili. Wakubwa wakaitika, wakifikiri nawaaga wao. Nikashika njia, sikurudi tena.