Joto la Chumba cha Mehrunnisa

Mehrunnisa alizaliwa Kilwa Kivinje, nyuma ya duka la baba yake, akaolewa Lindi akiwa bado anaona haya kupeleka chai mbele ya wageni. Mumewe, Qutbuddin, alikuwa muuza nguo. Waliishi ghorofani, juu ya duka, katika nyumba ya mawe isiyokuwa mbali na gati. Mtoto wao wa pekee, wa kike, aliondoka kwa surua kabla hajasimama dede, na baada yake hakuja mwingine. Watu walizoea kumwona Mehrunnisa dirishani jioni akiwa na rida yake, lile joho la wanawake wa madhehebu yao, ya rangi ya zambarau iliyopauka, akimngoja mume afunge milango ya duka. Hawakuwa wanandoa wa maneno mengi. Qutbuddin alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye sauti ndogo isiyolingana na mwili wake. Hata alipokasirika ilibidi usogee karibu ndipo umsikie.

Miaka michache baada ya uhuru, moyo ulimwangusha dukani, kati ya majora ya vitenge. Aliinuka, lakini hakuinuka yule yule. Daktari alimwonya ajiepushe na joto, naye akauliza kwa ile sauti yake ndogo kama daktari amewahi kukaa Lindi mwezi wa Februari. Hata hivyo alifanya alivyoagizwa. Biashara wakati ule ilikuwa bado na uhai, akaagiza kutoka Dar es Salaam mashine ya baridi, hiki ambacho siku hizi watu hukiita kiyoyozi. Ukuta wa chumba cha kulala ukatobolewa, mashine ikapachikwa, ikaanza kunguruma. Qutbuddin akalala usingizi mzito kama mtoto aliyeshiba.

Mkewe ndiye hakulala. Wakati huo baridi yabisi ilikwisha kumwingia. Ilianzia kwenye vidole, ikapanda viwiko, ikashuka magotini. Upepo wa mashine ulimpata kwenye viungo kama sindano, na asubuhi alikuwa hawezi kufunga kifungo wala kushika kikombe kwa mkono mmoja. Alivumilia mwezi, akavumilia wa pili, kisha akachukua mto wake akahamia kijichumba cha nyuma, palipokuwa na masanduku. Hakuna aliyegombana na mwenziwe. Mume alihitaji baridi apate kuishi, mke alihitaji joto apate kutembea, na nyumba ilikuwa na mlango kati ya chumba na chumba. Wakati wa kipupwe, upepo wa kusi ulipopenya kwenye mbao za dirisha, Kazija, mwanamke wa Kimachinga aliyekuwa akimsaidia kazi tangu ujana wao wote wawili, alimwekea jiko la makaa miguuni. Siku moja kaa liliruka likashika pindo la rida. Kazija aliuzima moto kwa viganja vyake.

Wakaishi hivyo miaka mingi. Serikali ilipochukua majumba ya kupangisha, nyumba yao ilikuwamo, wakabaki humo humo kama wapangaji. Korosho zilikwisha kutoka mikononi mwa wanunuzi binafsi, na nguo nazo zikaanza kupitia maduka ya umma na ya ushirika. Jamaa zao walifunga virago mmoja baada ya mwingine. Qutbuddin hakutaka kusikia habari za kuhama. "Mwanangu kalala hapa," alikuwa akisema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Mashine ilikufa mwanzoni mwa mwaka sabini na tatu, kaskazi ikivuma na joto likiwa halijafika kilele. Aliitwa Leonadi Likwata, fundi wa mafriji, Mmwera aliyejifunzia kazi yake misheni. Aliifungua sakafuni juu ya gazeti. Chumvi ya bahari ilikuwa imeitafuna ndani, mabomba yamegeuka kijani.

"Mzee, hii haitengenezeki," alisema. "Moyo wake ndio uliokufa."

Qutbuddin alicheka kidogo. "Basi wake umeutangulia wangu. Niambie la kufanya."

La kufanya lilikuwa jepesi. Jirani yao Dawood, aliyekuwa akijiandaa kwenda Karachi na familia yake, alikuwa na mashine ya aina ile ile, nzima, na alikuwa tayari kuwaachia. Ingeingia katika tundu lile lile la ukutani. Leonadi alisema angeifunga kesho yake.

Lakini fundi huyo alikuwa na neno jingine, na pengine angelinyamazia mambo yangekwenda kwingine. Alisema zipo mashine zinazogeuka. Wakati wa joto hufanya kazi kama hii, hulitoa joto chumbani na kulitupa nje. Ukizungusha kitufe, hufanya kinyume chake, hulichota joto la nje likaingia ndani.

Mehrunnisa alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. "Wakati wa baridi nje kuna joto gani la kuchota?"

"Lipo, mama. Hata hewa ya kipupwe ina joto lake, ila sisi hatulisikii. Mashine inalikusanya. Haina makaa, wala waya wa kuwaka kama wa pasi. Inahamisha tu."

Qutbuddin aliacha kujipepea. Akamtazama fundi, kisha akamtazama mkewe, vidole vilivyopinda chini ya sinia. Binamu yake Mehrunnisa alikuwa Dar es Salaam, akifahamiana na wageni wa balozi waliokuwa wakiuza vyombo vyao kila walipohamishwa. Simu ikapigwa. Siku chache baadaye jibu likaja: mashine ya namna hiyo ipo, mwenyewe anaondoka, inaweza kupakiwa kwenye meli ya pwani.

Jioni hiyo walikaa barazani. Dawood alikuwa ametuma mtu kuuliza, maana kulikuwa na mwenye nyumba ya wageni aliyekuwa anaitaka ile yake.

"Tuchukue ya Dawood," Mehrunnisa alisema. "Iko hapa. Joto linakuja."

"Ile itakurudisha kwenye masanduku."

"Nimezoea."

"Mimi sijazoea," alisema Qutbuddin. Mehrunnisa ilibidi asogee apate kumsikia. "Miaka yote hii nalala peke yangu kama mseja. Hamsini na kitu nimeishi bila mashine, nitashindwa mwezi mmoja? Lakini sitaki kuamua peke yangu. Sema wewe unachotaka."

Hakuwahi kumuuliza hivyo. Mehrunnisa alijua jibu lililokuwa la haki, alilijua vizuri sana. Alijua pia jinsi magoti yake yalivyokuwa kila Juni. Kazija akaja kuchukua vikombe, akaondoka.

"Tuingoje hiyo inayogeuka," alisema.

Qutbuddin alitikisa kichwa kwa kuridhika, akampelekea Dawood salamu kwamba asimngoje.

Meli ilichelewa kutoka Dar. Ilipotoka, ilifika mbele ya Lindi bahari ikiwa imechafuka, ikaendelea hadi Mtwara bila kuteremsha kitu. Mzigo ukakaa ghalani kule. Mvua za masika ziliwahi mwaka ule, na barabara ya kutoka Mtwara ikageuka tope. Leonadi alikwenda mara mbili kutafuta lori la kuubeba, akarudi mikono mitupu.

Joto lilikuja kama lilivyotarajiwa. Kazija alimwaga maji sakafuni asubuhi na mchana. Mehrunnisa alilowesha mataulo, akayakamua kwa viganja kwa sababu vidole havikukubali, akamfunika mumewe kifuani. Qutbuddin hakuweza tena kulala chali. Alilala ameketi kwenye kiti cha mkono, mdomo wazi, miguu imevimba hadi vifundoni. Kila alipoulizwa alisema leo afadhali kuliko jana.

Siku moja Mehrunnisa alivaa viatu bila kumuaga mtu, akaenda mwenyewe kwenye ile nyumba ya wageni. Aliisikia mashine ya Dawood ikinguruma kabla hajafika mlangoni. Alimwomba mwenye nyumba aiuze, au aikodishe tu kwa mwezi huo. Yule bwana alimsikiliza kwa adabu, akamwambia chumba kile kina mgeni wa serikali, hawezi kumwondolea mgeni baridi yake. Akampa pole ya mgonjwa. Mehrunnisa alirudi kwa kutembea polepole kando ya ukuta, akitafuta kivuli.

Qutbuddin alifariki mchana, wakati Kazija alipokwenda kuteka maji mengine. Mehrunnisa alikuwa mbele yake na taulo mkononi. Alimwona akifungua macho kama mtu aliyeitwa kutoka barabarani, kisha akatulia. Daktari alipoulizwa kama baridi ingemwokoa, alisema moyo wenyewe ulikuwa umechoka siku nyingi, hakuna awezaye kujua. Alidhani anamfariji. Angesema ndiyo, au angesema hapana, Mehrunnisa angepata mahali pa kushika.

Mashine ilifika Mehrunnisa akiwa bado anakaa eda. Leonadi alileta kasha kwa lori la chumvi, akaliweka chini dukani, akabaki amesimama hajui la kufanya. Kazija alitundika pazia kati ya chumba na kijichumba, na fundi akapanda juu, akazungumza na mjane asiyemwona.

"Mama, poleni sana. Nimeileta, lakini kama hamtaki niifunge nitaelewa. Naweza kuirudisha, atapatikana wa kuinunua."

 Kazija alimtazama bibi yake, aliyekuwa ameketi sakafuni amenyoosha miguu kwa sababu haikukunjika.

"Ifunge," alisema Mehrunnisa.

Leonadi alifanya kazi mchana kutwa. Tundu ilibidi liongezwe, na vumbi la chokaa likapenya mpaka kijichumbani. Alipomaliza aliuliza aiweke upande gani. Ilikuwa Juni, kusi ikipuliza.

"Igeuze kwenye joto."

Alipoondoka, Mehrunnisa aliingia katika chumba ambamo hakuwa amelala tangu miaka ile. Kitanda kilikuwa kimebonyea upande mmoja tu. Hewa iliyotoka kwenye mashine ilinuka rangi na vumbi lililounguzwa kidogo, nayo ilikuwa vuguvugu, kavu, isiyo na moshi. Alilala upande usiobonyea. Asubuhi aliamka hajaguna hata mara moja. Alijaribu kufunga ngumi, ngumi ikafunga. Akashuka kitandani bila kushika ukuta.

Kazija alimkuta ameketi, analia.

"Yamezidi, Bibi Mehru?"

"Hapana. Imenifaa."

"Si ndivyo marehemu alivyokusudia?"

"Ndivyo," alisema Mehrunnisa. "Heri ingekuwa haifai."

 Kazija alikaa naye, akamshika ile mikono iliyokuwa na joto.

Mehrunnisa hakuizima. Hapo ndipo watu waliomfahamu walishindwa kumwelewa. Jamaa zake wa Dar walisikia kwamba analala na ile mashine, wakaona ni moyo mgumu. Yeye hakujieleza. Alimwambia Kazija tu kwamba kuizima isingekuwa heshima kwa marehemu, ingekuwa kumtupia usoni kitu alichomnunulia. Basi akawa kila jioni anazungusha kitufe, analala vizuri, na kila asubuhi anaamka na jambo lile lile limekaa kitandani kumngoja.

Hata hayo hayakudumu. Mafuta yalipanda bei duniani, mtambo wa umeme wa mjini ukawa unawashwa kwa saa chache, na mara nyingi saa hizo zilikuwa za mwanzo wa jioni, baridi ikiwa haijaanza. Duka alilifunga, maana hapakuwa na cha kuuza. Sehemu ya chini ikapangishwa kwa ofisi ya ghala la mbegu, na nyumba yote ikanuka dawa ya wadudu. Binamu yake alimwandikia mara kadhaa ahamie Dar. Alijibu kwa maneno ya mumewe, kwamba mwanawe kalala hapa. Sasa walikuwa wamelala wawili.

Chumvi iliifikia na mashine hii pia. Leonadi, ambaye nywele zake zilikwisha kuingia mvi, aliifungua akatikisa kichwa. Gesi ya kujazia haikupatikana Lindi wala Mtwara, na Dar waliahidi bila kuleta. Aliomba radhi kwa jinsi mambo yalivyokwenda tangu mwanzo, kwa lile neno alilolisema siku ile.

"Wewe ulijibu ulichoulizwa," Mehrunnisa alimwambia. "Aliyechagua ni mimi. Iondoe, uzibe tundu."

Akaziba kwa mbao za masanduku. Upepo ulipita kwenye nafasi za mbao hizo, na Kazija akarudisha jiko la makaa.

Miaka ya mwisho mikono yake ilijikunja kabisa, vidole vikalala juu ya viganja. Kazija alimlisha na kumvisha, akamfungia kamba za rida chini ya kidevu. Hawakuzungumza habari za mashine tena. Wakati mwingine, joto la Februari likiwa kali hadi kuku wanaachama vivulini, Mehrunnisa aliomba kiti cha mkono kisogezwe katikati ya chumba, akakaa humo mchana wote madirisha yamefungwa, jasho likimtiririka. Kazija alipotaka kufungua alimkataza. Mara ya kwanza Kazija aligombana naye. Baadaye alikuwa akikaa naye tu, anajifuta shingo kwa upande wa khanga, wanangoja jua lishuke.

Mehrunnisa alifariki katika msimu wa joto kama huo, mwaka ambao hata sabuni ilikuwa ya kupangiwa foleni. Wanawake wa jamaa yake waliobaki Lindi walikuwa wawili, wote wazee wa kushikiliwa, wakamruhusu Kazija awasaidie kuosha. Ilibidi vidole vikunjuliwe. Kazija aliomba maji yasiyo baridi, akaviloweka, akavikunjua kimoja kimoja bila kuharakisha, mpaka mikono yote miwili ikalala wazi.