Alama Niliyoinyima Kauli ya Upole

Mwaka 2023, masika yalipokuwa yakiishia na mahindi yetu ya Bashay yakianza kubeba, nilikuwa na umri wa miaka hamsini na tisa. Kidato cha nne nilikihitimu nikiwa na hamsini na mbili, tayari mjane, na cheti changu nilikiambatisha kwenye maombi ya kazi bila haya yoyote.

Kazi ilikuwa Dongobesh: watu watatu kusoma kauli za wanasiasa kuhusu marekebisho ya sheria za uchaguzi, na kuipa kila moja alama ya ustaarabu, kuanzia moja, ya matusi, hadi tano, ya heshima kamili. Tulianza Jumatatu, tarehe 22 Mei. Wenzangu walikuwa mwalimu mstaafu aliyekuwa jirani yangu kijijini Bashay, na binti mwenye duka la vitenge. Msimamizi, kijana mtafiti, alituonya kwamba ambaye alama zake zingepishana mno na za wenzake angeondolewa. Sikuwa nimeisubiri shule miaka yote ile ili nitolewe.

Alhamisi, tarehe 8 Juni, tulisoma hii: "Mama zetu wa vijijini tunawaheshimu mno, tusiwachoshe kwa kuwauliza maoni kuhusu sheria ya uchaguzi." Wenzangu waliipa tano. Mimi niliipa moja.

"Mama," mwalimu alicheka, "tusi liko wapi hapo? Au miwani umeiacha nyumbani?"

"Miwani ninayo, mwalimu. Shikamoo nilikupa asubuhi. Sasa wewe nipe hoja."

Binti alificha kicheko ndani ya khanga. Msimamizi hakucheka. "Mama, ukishindwa kueleza, nitalazimika kumtafuta mwingine."

Nikasimama. Niliwaeleza kwamba nilipofiwa na mume wangu, desturi yetu ya Wairaqw ilinitenga nyumbani kwa miezi. Majirani walinisalimia kutoka ng'ambo ya uzio, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kabla wala baadaye. Kisha wakaenda kwenye kikao cha kijiji bila mimi.

"Hakuna aliyenitukana," nilisema. "Lakini nilipotoka, njia ya ng'ombe ilikuwa inapita katikati ya shamba langu. Wanasiasa hawa nao wanataka kutuamulia hivyo hivyo, kwa heshima."

Mwalimu akavua kofia.

"Kikao kile nilikuwepo," akasema taratibu. "Nilinyoosha mkono kuikubali njia ile." Akaifuta tano yake, akaandika mbili. "Moja siwezi, mama. Ubishi wangu unaujua."

Msimamizi akalipeleka suala kwa wakuu wake. Jumatano, tarehe 14 Juni, alitusomea barua yao akiwa amesimama: mwongozo wa kutoa alama umeongezwa kipengele, kwamba kauli inayomnyima mtu nafasi ya kusikika haitapata zaidi ya mbili, hata ikisemwa kwa maneno matamu, na kauli zote zilizokwisha kupewa alama zisomwe upya. Alama yangu ilithibitishwa. Saa nne na dakika ishirini asubuhi niliutia saini mwongozo huo mpya, wa kwanza kati ya waamuzi watatu, kwa jina langu kamili.