Bunduki ya Risasi Moja ya Zablon wa Goweko

Zablon Masolwa, mkulima wa tumbaku wa Goweko na mlinzi wa kambi ya warina asali, hakupata kupokea kitu mkononi bila kukigeuza kwanza. Mafuta ya taa aliyanusa kabla ya kuyamimina. Akiletewa barua, alichunguza mhuri, kisha sahihi, ndipo ayasome maneno. Waumini wenzake wa Moraviani walikuwa wakimtania kwamba siku ya ndoa yake alimtaka mchungaji afunue shela mapema, asije akaozwa dada mtu. Mkewe, Recheli, alipoulizwa habari hiyo hakuikanusha.

Juu ya bunduki, hata hivyo, hofu yake ilikuwa na sababu. Mwaka mmoja nyuma, katika msitu ulio kusini ya reli, mbogo mwenye jeraha aliwatokea warina asali kichakani. Zablon alikuwa mbele na gobori lake, bunduki ya kushindiliwa baruti mdomoni, aliyoibeba kwa miaka thelathini na mmoja. Alifyatua. Gobori halikulia. Mbogo alimpita yeye na kumkanyaga Festo, mpwa wake na kiongozi wa kambi, akamvunja nyonga. Festo alilazwa miezi minne, na tangu hapo anatembea kwa mkongojo. Zablon alilisalimisha gobori polisi, akaomba kibali cha kununua bunduki nyingine, na akakaa mwaka mzima akiwaambia watu kwamba aliyemwuzia baruti alikuwa ameichanganya na mkaa.

Kibali kilipotoka, Festo alikuja kwake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai, kuinuka ni kazi. Kambi inaondoka Jumatatu ya kwanza ya Juni. Asubuhi hiyo tutataka kuisikia bunduki yako ikilia, sote kumi na mmoja. Ikilia, utatangulia kama zamani. Isipolia, namchukua yule mwindaji wa Igalula."

"Yule mwenye kikohozi?"

"Anakohoa, mjomba, lakini bunduki yake hainyamazi."

Zablon alikuwa na umri wa miaka sitini na mitatu. Watoto wake walikuwa wamehama, na mashamba aliyagawa. Kutangulia mbele ya warina asali ndiyo heshima pekee iliyombakia, na ilikuwa imefungwa kwenye bunduki ambayo bado hakuwa nayo.

Bunduki ilipatikana Tabora mjini, katika nyumba ya marehemu Faris, mfanyabiashara ambaye wazee wake walifika na misafara ya pembe na chumvi. Tangu afariki, silaha yake ilikuwa imehifadhiwa polisi, na mjane wake, Bi Haifa, alikuwa amekamilisha taratibu zote za mirathi. Siku ya kuiangalia, afisa aliitoa ghalani na kuiweka mezani mbele yao. Ilikuwa bunduki ya kuwindia wanyama wakubwa, ya risasi moja tu kwa wakati, yenye mtutu mpana ambao kidole cha mwisho cha Zablon kiliingia pasipo kugusa pande zote. Ukishusha wenzo ulio chini ya kifyatulio, pande nene la chuma lilizama, na tundu la kutilia risasi likabaki wazi kwa nyuma.

Zablon hakuigusa. Alimtazama kwanza mwuzaji, Bi Haifa.

"Kwa nini mnaiuza?"

"Mwenyewe amekufa, Mzee Zablon. Tuipikie?"

"Nimesikia wamekuja watu wawili kabla yangu, mkawakatalia."

"Umesikia kweli."

"Kwangu mimi mmeona nini?"

"Wale hawakuuliza swali hata moja," akasema Bi Haifa. "Mmoja aliipiga picha. Mwingine alijipiga picha nayo. Wewe ndiyo kwanza umekaa, na umeshaniuliza mawili."

Jibu hilo lilimridhisha afisa, akacheka. Zablon halikumridhisha. Alimwomba afisa amsomee namba iliyochongwa kwenye chuma, tarakimu moja moja, naye akaifuata kwa kidole kwenye hati. Ilipolingana, aliomba ianze kusomwa kutoka mwisho kurudi mwanzo. Kisha akainama juu ya kitako.

"Parafujo hizi mbili zimefunguliwa."

"Marehemu alikuwa mfupi. Alikipunguza kitako kimfae bega."

"Na ufito wake wa kusafishia uko wapi?"

"Tumeutafuta, hatukuuona."

Kwa hesabu ya Zablon, bunduki isiyo na ufito ni bunduki iliyoondoka mahali fulani kwa haraka.

"Nikwambie neno moja," akasema Bi Haifa walipokuwa wakitia sahihi. "Marehemu hakuipiga hata siku moja kabla ya kupitisha ufito mtutuni. Hata kama ameitoa sandukuni dakika hiyo hiyo. Nawe usiache."

Zablon aliitikia kwa kichwa. Njiani, maneno hayo aliyageuza kama alivyogeuza kila kitu. Mwanamke aliyekwisha kuuza ana haja gani ya kutaja mtutu, kama mtutuni hamna jambo?

Kwa hiyo hakwenda nayo nyumbani. Aliipeleka Ntalikwa kwa Kasimiri, fundi wa bunduki mwenye leseni, mtu wa maneno machache. Kasimiri alikirefusha kitako kwa kipande cha mninga na mpira mnene nyuma yake, ili pigo lisimvunje mzee bega. Kisha akashusha wenzo, akauelekeza mtutu dirishani, akachungulia kutoka nyuma kwa muda mrefu.

"Unaona nini?" akauliza Zablon.

"Mbingu."

"Nauliza kwa uzito."

"Nami nimejibu kwa uzito. Njoo uone mwenyewe."

Zablon hakwenda. Gobori limezibwa nyuma. Mtu aliyelelewa nalo hajui kuchungulia mtutu, hujua kupuliza mdomoni na kusikiliza. Zaidi ya hayo, hakutaka kuoneshwa kile tu ambacho fundi alipenda akione. Alipuliza mdomoni, pumzi ikapita, akatosheka kwa kipimo chake.

Kwenye kiwanja cha kulengea shabaha, kwa ruhusa, alipiga risasi tatu kutoka hatua hamsini. Zote zilikwenda chini na kulia. Hapohapo alitangaza kwamba mtutu umepinda na kwamba Waarabu wa mjini wamemweza. Kasimiri alichukua nyundo ndogo ya shaba, akagonga chuma cha kulengea cha mbele upande mmoja mara mbili, akakipunguza urefu kwa tupa, akamrudishia. Risasi mbili zilizofuata zilitoboa sahani ya bati, tundu kwa tundu. Zablon alikwenda kuyapima matundu hayo kwa vidole, akageuza sahani kuona kama yametoboka kweli upande wa pili.

Alirudi Goweko mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa bado nzito. Akaiweka bunduki kama baba yake alivyoweka gobori, na kama wenye magobori wote wa kule wanavyoweka. Aliitundika ukutani jikoni, juu ya meko, kwa mnyororo na kufuli, mdomo ukiwa upande wa moto na kuinuliwa kidogo, kitako upande wa mlango, ili joto lifukuze unyevu. Na mdomo wenyewe aliuziba kwa nta, donge la ukubwa wa kidole gumba, kwa sababu ya wale nyigu wanaojenga kwa udongo, ambao hawaoni tundu wakaliacha.

Baada ya siku nane alitazama. Nta haikuwapo.

"Nani ametoa nta?" akauliza.

Recheli alikuwa akichambua mboga za maboga. "Nta gani?"

"Ya bunduki."

"Nani aile nta yako, Zablon? Panya?"

"Sikusema imeliwa. Nimesema imetolewa. Kuna mtu anaingia humu nikienda shambani."

"Anaingia mtu, anaacha kuku, anaacha redio, anachukua nta?"

Zablon alikagua kufuli, akaikuta salama, jambo lililomwongezea wasiwasi badala ya kuupunguza. Akaziba upya. Wiki iliyofuata nta ilikuwa imetoweka tena. Alimwaga majivu mlangoni ili aone nyayo. Akapata za kuku na za Recheli. Akaziba mara ya tatu, na safari hii akamtazama mkewe kwa namna iliyomfanya Recheli, kwa maelezo yake mwenyewe, aache kumsemesha siku mbili.

Jumatatu ya kwanza ya Juni, warina asali kumi na mmoja walikusanyika uani na mapipa yao, kamba na magunia. Festo alisimama mbele kwa mkongojo wake. Zablon alitoa bunduki jikoni, akachokoa kwa kisu kipande cha nta kilichobaki mdomoni, akatia risasi tundu la nyuma, akapandisha wenzo. Kwenye shina la mti uliokufa walikuwa wamepaka chokaa alama nyeupe.

Hapo ndipo Majid, mwana mkubwa wa Bi Haifa, alipoingia uani. Alikuwa ameshuka treni jana yake na kulala nyumba ya wageni. Mkononi alibeba kitu kirefu kilichofungwa karatasini.

"Hodi! Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Ufito. Mama ameukuta ndani ya zulia la marehemu. Akasema nisiutume kwa mtu, nije nao."

"Wiki sita ulikuwa umepotea, leo umeonekana?"

"Zulia lilikunjuliwa juzi, mzee."

"Mmekuja kuitwaa," akasema Zablon, akiivuta bunduki kifuani. "Mmepata mnunuzi mwingine. Mlidhani nitakuwa sijaipiga bado."

Majid akatabasamu kwa adabu. "Mzee, nimetoka Tabora na fimbo. Ningetaka kukunyang'anya bunduki ningekuja na fimbo?"

Warina wakacheka. Zablon hakucheka.

"Sikuombi uniachie," akaendelea Majid. "Toa risasi tu. Fungua nyuma, chungulia. Mama amenisisitiza nione kwa macho yangu ukifanya hivyo, ndipo nirudi."

"Na nisipochungulia?"

"Nitasimama mbali. Nawasihi na hawa wasimame mbali."

Festo aligonga ardhi kwa mkongojo. "Chungulia, mjomba. Jua linapanda."

Zablon alishusha wenzo, risasi ikatoka, akaipokea kiganjani. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliinua mtutu kuelekea mbinguni na kuweka jicho nyuma yake. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akapepesa, akaweka jicho la pili.

"Giza," akasema.

Akamgeukia Majid, sauti imepanda. "Nilijua! Mama yako alinitajia mtutu kwa kinywa chake. Mmeuziba kabla ya kuniuzia, mkitaka unipasukie usoni!"

"Mzee, si umekwisha kuipiga, nayo haikupasuka?"

Majid akaufungua ufito, akauingiza kutoka nyuma, akasukuma. Ulisimama katikati. Akasukuma kwa uzito wa mwili wake, na mdomoni likaanza kutoka donge refu la manjano, la urefu wa shibiri nzima, likaanguka mchangani.

Recheli aliliokota. Alilinusa, akalivunja kwa kucha. Ndani mlikuwa na masizi ya jikoni na bawa la nyuki.

"Hii nta nimeichemsha mimi," akasema. "Madonge yako matatu haya, Zablon. Moto uliyayeyusha yakateremka, huku kwenye baridi yakaganda. Nami nilikuwa mwizi wa nta."

Mmoja wa warina alipiga mluzi mdogo. Wote walifahamu chuma kilichozibwa hufanya nini risasi nzito inapopita. Majid alikuwa akifuta ufito kwa kitambaa, macho chini, kwa heshima. Lakini Festo hakuwa akiitazama nta. Alikuwa akimtazama mjomba wake.

"Mjomba, lile gobori ulikuwa ukilitundika wapi?"

"Hapohapo."

"Juu ya moto?"

"Juu ya moto."

"Likiwa limeshindiliwa?"

"Ndiyo."

"Na nta mdomoni."

Zablon hakumtazama mtu. "Na nta mdomoni. Baruti ilikuwa nzuri, Festo. Ililowa nta."

Festo alisimama akihamisha uzito kutoka mguu mbovu kwenda mzima. Wenzake walimwachia nafasi. Nyonga ilikuwa yake, na kambi ilikuwa yake. Zablon alimnyoshea bunduki kwa mikono miwili.

"Mwite yule wa Igalula," akasema. "Mpe hii, ni bora kuliko yake. Ubaya haukuwa wa bunduki."

Festo aliipokea, akachungulia mwenyewe, akaipeleka kwa warina wawili nao wachungulie. Kisha akairudisha mikononi mwa mjomba wake pamoja na ile risasi.

"Piga."

Ililia. Kishindo kilirudi kutoka upande wa reli, na chokaa ikaruka shinani.

"Utatangulia," akasema Festo. "Lakini kuanzia leo mtutu nitauchungulia mimi, kila asubuhi, kabla hujatia risasi. Ukikataa siku moja, unarudi nyumbani peke yako. Na yule mwuza baruti utamfuata kwake kabla ya mavuno ya pili, umwombe radhi kwa kinywa chako."

Zablon alifikiri. Hakuna mtu aliyepata kukagua silaha yake tangu alipokuwa kijana.

"Iandikwe," akasema.

"Nini?"

"Hilo sharti. Watu hukubaliana uani, wakifika msituni wanasahau. Huyu Majid ana kalamu mfukoni, na si ndugu wa upande wowote."

Majid alikunjua ile karatasi iliyokuwa imefunga ufito, akaiweka juu ya pipa, akaandika mistari minne. Zablon aliisoma mara mbili, akaigeuza kuona kama nyuma pana maandishi mengine, akairudia mbele. Kidole chake kilisimama kwenye mstari wa pili.

"Hapa umeandika kila asubuhi."

"Ndivyo alivyosema, mzee."

"Ongeza na jioni," akasema Zablon, akatia sahihi.