Mrashi wa Kutuliza Vigelegele

Ukumbi umejaa pomoni na bado watu wanaingia. Mashada ya asmini na ya peremende yanapitishwa juu ya vichwa, simu ziko hewani, na ukoo wa mwanafunzi mmoja aitwaye Fairuz umekuja na ngoma mbili na tarumbeta. Katikati ya viti anapita mwanamke wa makamo mwenye buibui, mkononi ana mrashi wa shaba uliojaa marashi ya mawaridi. Anawatazama wapiga ngoma na kutabasamu. Wapiga ngoma hawatabasamu.

Haya ni mahafali ya wasichana wa Gredi ya Tisa katika shule moja ya Kuze, Mji wa Kale. Mwenye mrashi ni Bi Mwanakhamis, aliyeajiriwa kuhakikisha kila jina linasikika.

Kazi yake hasa iko harusini. Hukaa mlangoni akiwarashia wageni marashi na kuwaonyesha pa kukaa, na msimu wa harusi ukipoa, mapato nayo hupoa. Shule ilimwita kwa sababu hakuna mwanamke wa Kuze asiyemjua, na akina mama hao ndio waliowashinda walimu.

"Wakiambiwa nyamazeni, ndo wazidi," anasema. "Lakini mtu akirashiwa marashi hana budi kukinga mikono ajipake uso. Kigelegele chakatikia papo hapo. Na kunikasirikia hawezi, nimemtia harufu nzuri."

Mwanzoni mambo yalimwendea kombo. Katika mahafali yake ya kwanza, miaka ya nyuma, aliporashia safu ya mbele, mabibi wote walisimama wima na kuanza kumswalia Mtume, kwa kuwa wamezoea maulidini marashi yakipita watu wako wima. Ukumbi mzima ukawafuata, mgeni rasmi naye akasimama, vyeti vikangoja.

"Tangu siku ile narashia viganjani tu, na aliyekaa kitako," anasema.

Safari hii kazi ni nzito zaidi. Mwaka jana hakuwapo, alikuwa na harusi Lamu, na jamaa wakavamia jukwaa hadi mapambo yakaanguka. Mwalimu mkuu, Abdulghafur, ametangaza kwamba vurugu zikirudi, kuanzia mwakani vyeti vitachukuliwa dirishani bila mzazi hata mmoja.

Kisha yupo Tumu, anayepara samaki Liwatoni na kulea watoto wake peke yake. Mwaka jana jina la bintiye mkubwa lilimezwa na kelele za waliotangulia.

"Nalimwona yuwashuka na cheti, ndo nikajua keshaitwa," anasimulia Tumu. "Huyu Mahira ni kitinda mimba. La huyu nikilikosa, sina jingine la kungoja."

"Utalisikia, shoga yangu, inshallah," Bi Mwanakhamis alimwahidi.

Balaa ni kwamba Mahira anasomwa baada ya Fairuz.

Na Fairuz anaitwa. Ngoma zinalipuka, tarumbeta inaitikia, shangazi zake wamepanda juu ya viti. Mwandishi huyu, aliyekaa jirani na tarumbeta, anaziba masikio. Bi Mwanakhamis amekwishafika. Anawaonyesha shangazi mrashi, nao wanashuka, wanakaa na kukinga viganja. Wapiga ngoma wanaitaka zamu yao, na mikono iliyokinga marashi haipigi ngoma.

Amebaki wa tarumbeta, mashavu yamevimba. Bi Mwanakhamis anamsimamia mbele.

"Mwanangu, nawe huyataki?"

Kijana anaishusha tarumbeta mapajani na kukinga mikono.

"Mahira," anasoma mwalimu, na jina linafika hadi mlangoni.

Tumu amelisikia. Amejifunika uso kwa mtandio, analia, sauti ya kigelegele haimtoki. Ukumbi bado kimya, kila mtu anauogopa mrashi. Mahira yuko jukwaani na cheti chake, anamtafuta mamake kwa macho, na hakuna anayemshangilia.

Hapo kinapasuka kigelegele kutoka katikati ya ukumbi, kirefu, kisicho na haya. Ni cha Bi Mwanakhamis.

Vichwa vyote vinageuka. Mwalimu Abdulghafur anamtolea macho. Mwanamke huyo anauinua mrashi. Anakinga kiganja chake mwenyewe, anajirashia, anajipaka uso na kutulia. Ukumbi unaangua kicheko, mwalimu mkuu naye akiwamo, na Tumu anacheka huku machozi yakimtiririka. Jina linalofuata linasomwa na kusikika vizuri.

"Mwakani waje wote," Mwalimu Abdulghafur anamwambia mwandishi baadaye. "Ila Bi Mwanakhamis asiende Lamu."

Bi Mwanakhamis mwenyewe ana mpango mkubwa kuliko huo. Anataka mrashi wa pili na mwenzake wa kudumu, awe mmoja wa kutuliza na mmoja wa kumpigia kigelegele mtoto aliyekosa wa kumpigia. Ameshamchagua Tumu.

"Mikono yangu yanuka samaki, dada," Tumu anamkatalia.

Bi Mwanakhamis anamshika viganja, anavifungua na kuvimiminia marashi yote yaliyobaki.

"Sasa?" anamuuliza.